Kujitolea kupima matoleo ya mifumo endeshi huria: mwongozo kwa anayeanza akiwa Lamu

Kila mwaka, katika wiki za mwisho kabla ya toleo la Aprili na toleo la Oktoba la Ubuntu, mmoja wa mifumo endeshi huria ya familia ya Linux, watu wa nchi nyingi hutenga saa moja au mbili, wakapakua nakala ya mfumo ambao bado haujakamilika, wakausakinisha katika kompyuta, kisha wakaandika walichokiona. Wengi wao hawalipwi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji ujuzi wa kuandika programu. Fedora, mfumo mwingine wa familia hiyo, nayo hutoa matoleo mawili kwa mwaka na huhitaji watu wa aina hiyo hiyo. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, hukaa takriban miaka miwili kati ya toleo na toleo, na muda wote huo tawi lake liitwalo testing huwa wazi kwa yeyote anayetaka kulijaribu. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuingia katika kazi hii kwa mara ya kwanza akiwa hapa Lamu, ambako mimi mwenyewe huifanya, na nimeuandika nikiwa na jambo moja moyoni ambalo natamani ningeambiwa siku ya kwanza: mpimaji hufaa kwa kadiri anavyosema kwa ukamilifu alichokifanya na alichokiona, ili mtu aliye mbali, ambaye hataiona kompyuta yake kamwe, aweze kulirudia jambo lile lile.

Kompyuta gani itumike

Mtu akisikia habari ya kupima programu hudhani kwamba inahitajika mashine mpya yenye nguvu, kumbe katika kupima matoleo kompyuta ya mtumba ina heshima yake. Laptopu nyingi zinazovuka kwa boti kutoka Mokowe zilikwisha kutumika kwingineko miaka kadhaa kabla hazijatufikia. Betri zimechoka, kadi zake za Wi-Fi ni za aina zisizotengenezwa tena, na memori ni gigabaiti 4 au hata 2. Timu inayoandaa toleo haiwezi kumiliki kila modeli ya laptopu iliyowahi kuuzwa duniani, kwa hiyo hutegemea macho ya watu wenye modeli hizo.

Ubuntu 17.10 ni ushahidi wa jambo hili. Ilitoka Oktoba 2017 baada ya kupita hatua zake za majaribio, lakini Desemba ya mwaka huo huo ikabidi nakala zake ziondolewe mahali pa kupakulia, kwa sababu kiendeshi kimoja kiitwacho intel-spi, kilichomo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), kilikuwa kikiiharibu BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) ya baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo. Mwenye laptopu iliyopatwa hakuweza tena kuhifadhi mabadiliko ya BIOS, na wengine walishindwa hata kuiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi. Nakala iliyorekebishwa ilitoka Januari 2018. Hitilafu ya namna hiyo hujificha mpaka mtu mwenye modeli inayohusika aujaribu mfumo, na ndiyo maana modeli yako, hata ikiwa kuukuu, ina nafasi yake. Habari hiyo hiyo ni onyo kwa anayeanza: mara chache sana, lakini kwa kweli, kupima kunaweza kuidhuru mashine yenyewe na si yaliyomo kwenye diski peke yake.

Kwa hiyo usipime kwenye kompyuta ambayo huwezi kuvumilia kuikosa. Kompyuta yenye hesabu za duka, picha za harusi ya dada yako, au kumbukumbu za kamati ya msikiti isiguswe hata kama mwenyewe amekuruhusu, maana ruhusa ya mtu asiyeijua hatari bado haijakamilika. Ukipata mashine ya ziada, hamisha kila kilicho muhimu, uhakikishe kwamba nakala ulizohamisha zinafunguka, ndipo uanze. Kabla ya kupakua chochote angalia pia kama prosesa yake ni ya biti 64, jambo ambalo amri ya lscpu, ukiiandika katika dirisha la amri (terminal) la Linux, itakuonyesha mara moja. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, na Ubuntu iliziacha mapema zaidi.

Kama una kompyuta moja tu na ndiyo unayoitegemea, tumia mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako kwa programu kama VirtualBox au GNOME Boxes. Kwa njia hiyo hutapima kadi ya Wi-Fi wala spika, lakini utapima kisakinishi, lugha, masasisho na programu zinazokuja na mfumo, na lolote likiharibika unafuta unaanza upya. Mimi humshauri kila anayeanza apite humu kwanza walau mara tatu, hata kama ana mashine ya ziada, kwa sababu mara ya kwanza mtu huwa anajifunza kisakinishi chenyewe na hawezi kutofautisha kati ya kosa lake na kosa la programu.

Kupakua bila kumaliza bando, na kuhakiki

Uzito wa nakala ndio gharama kubwa ya kazi hii kwetu. Nakala ya Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani ilikaribia gigabaiti 6. Ya Fedora Workstation huzidi gigabaiti 2. Nakala ndogo ya Debian haifiki gigabaiti 1, ingawa hiyo hupakua sehemu kubwa ya mfumo wakati wa kusakinisha, na bando litaliwa vilevile. Ikiwa unapima nakala za kila siku za Ubuntu, usipakue faili zima upya kila siku. Ipo programu iitwayo zsync inayolinganisha faili la ISO (ndilo nakala yenyewe ya mfumo) ulilolipakua jana na la leo, kisha ikachukua sehemu zilizobadilika peke yake. Hifadhi faili la jana, elekeza zsync kwalo, na mara nyingi utaokoa sehemu nzuri ya bando lako. Wanaotumia saiba waombe kwanza, kwa sababu kupakua gigabaiti kadhaa saa za kazi kunawakwamisha wateja wengine wote.

Faili likishafika, lihakiki. Kila mradi huchapisha pamoja na nakala zake orodha ya hesabu za SHA256, yaani alama ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika faili. Ukiendesha amri ya sha256sum juu ya faili lako utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64, nao hauna budi kulingana na ule uliochapishwa, herufi kwa herufi. Naisisitiza hatua hii kwa sababu niliwahi kupoteza jioni mbili nikiripoti kwamba kisakinishi kinakwama mahali pale pale kila mara, na swali la kwanza nililoulizwa na aliyenijibu lilikuwa kama nimehakiki faili na flashi. Faili lilikuwa zima. Flashi ndiyo iliyokuwa mbovu: ilijitangaza kuwa na gigabaiti 32 na ndani haikuwa nazo. Muda wangu ulipotea, nao wa yule mtu aliyesoma ripoti yangu ulipotea pia, na huo wa pili ndio ulioniuma zaidi.

Unapoiandika nakala kwenye flashi kwa amri ya dd, tazama kwanza kwa lsblk ni jina gani flashi yako imepewa, kwa sababu dd haiulizi mara mbili na herufi moja ikikosewa itaandika juu ya diski yako. Zipo programu zinazokuwezesha kuweka nakala nyingi katika flashi moja, nazo ni msaada mkubwa katika matumizi ya kawaida, ila kwa kupima toleo ziepuke, kwa kuwa huingiza hatua yake katikati ya kuwaka kwa mfumo, na likitokea tatizo hutajua ni la nani.

Nini cha kujaribu

Anza na majaribio yaliyokwisha kuandikwa. Ubuntu ina mahali maalumu pa kufuatilia majaribio ya nakala za ISO, ambako kila nakala ina orodha ya majaribio yake na maelekezo ya hatua kwa hatua. Unaingia kwa akaunti ya bure, unachagua jaribio, unalifuata, kisha unaweka alama kwamba limepita au limeshindwa, na likishindwa unaambatisha nambari ya hitilafu uliyoiripoti. Fedora ina majedwali ya matokeo ya aina hiyo, na zaidi ya hayo huwa na siku za majaribio, ambapo watu hupima jambo moja lililotajwa, kwa mfano kerneli mpya au mazingira mapya ya picha, yaani madirisha na menyu unazobofya. Siku hizo ni mlango mzuri kwa mgeni, kwa kuwa wanaohusika na jambo hilo huwa wapo na hujibu haraka.

Fuata maelekezo neno kwa neno mara ya kwanza, hata pale unapoona njia ya mkato. Na jaribio likipita, liandike kwamba limepita. Wageni wengi hudhani kwamba mradi unataka kusikia mabaya tu, wakapima, wakaona mambo ni sawa, wakanyamaza. Kwa anayeamua kama toleo litoke au lisubiri, ukimya huo una maana moja na kutopimwa. Katika Fedora uamuzi huo hufanywa kwenye kikao maalumu, kwa kutazama vigezo vilivyoandikwa, hitilafu zilizosalia na matokeo ya majaribio. Fedora 18, iliyokuwa itoke Novemba 2012, ilicheleweshwa mara kadhaa mpaka Januari 2013, hasa kwa sababu kisakinishi chake kipya hakikuwa tayari.

Baada ya hayo ndipo uongeze majaribio yako mwenyewe, na hapa ndipo mtu wa pwani yetu ana mengi ya kutoa. Chagua eneo la saa la Africa/Nairobi, na fomati za Kenya kwa tarehe na fedha, uone kama kila programu inazifuata. Chagua mpangilio wa kibodi wa Kiswahili cha Kenya. Weka kamusi ya kusahihisha Kiswahili, kisha uandike ng'ombe, ng'ambo na ng'arisha: je, kisahihishi kinaliona kila moja kuwa neno moja, au kinakata kwenye alama ya ritifaa na kuanza kulalamika? Ukibofya neno hilo mara mbili, linashikwa lote au nusu? Haya ni mambo madogo ambayo mtu asiyeandika Kiswahili hawezi kuyafikiria.

Lipo pia la herufi za Kiarabu. Lamu ni mji ambao tenzi na barua ziliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi, na Msikiti wa Riyadha una hati za kale za namna hiyo hadi leo. Mtu anayenakili maandishi kama hayo kwenye kompyuta anahitaji herufi za sauti zetu ambazo Kiarabu chenyewe hakina, kama پ na چ na ڤ. Fungua programu ya kuandikia katika mfumo mpya, andika mstari mmoja wa herufi hizo na mstari mmoja wa herufi za Kirumi ndani ya aya moja, utazame kama herufi zinaungana inavyotakiwa, kama mshale wa kuandikia unakwenda upande sahihi, na kama ukihifadhi faili na kulifungua tena kila kitu kimebaki mahali pake. Sijui jaribio jingine ambalo mpimaji wa hapa angelifanya kwa uelewa zaidi kuliko mpimaji wa kwingineko.

Umeme na mtandao navyo ni maabara yetu. Katika mashine pepe unaweza kuuzima mfumo ghafla katikati ya masasisho, kama umeme ukatikavyo, halafu ukauwasha uone kama unarudi wenyewe, kama unaeleza kilichotokea, au kama unamwacha mtumiaji mbele ya skrini nyeusi. Usifanye hivyo kwenye mashine halisi kwa makusudi. Subiri, utapata nafasi bila kuitafuta. Jaribu kusakinisha bila mtandao wowote, kisha ujaribu kwa mtandao wa simu kupitia waya wa USB, kisha uukate mtandao katikati. Unapopima Wi-Fi kumbuka kuta zetu: nyumba ya mawe ya Mkomani ina kuta nene za matumbawe, na ishara inayofika vizuri barazani huweza kufa kabisa katika chumba cha ndani. Pima ukiwa karibu na kifaa cha mtandao kwanza, tena ulinganishe na simu iliyowekwa mahali pale pale, la sivyo utailaumu kadi kwa kosa la ukuta.

Yapo mambo mawili ya saa ambayo yanafanana na hitilafu nayo si hitilafu. La kwanza ni kwamba kompyuta yenye Windows pamoja na Linux huweza kuonyesha saa iliyopotoka kwa saa 3 kamili, kwa sababu Windows huweka saa ya ndani ya mashine kwa saa ya mahali, na Linux huihesabu kuwa ni UTC, saa ya marejeo ya dunia ambayo sisi tumeitangulia kwa saa 3. La pili ni la mashine za mtumba: betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapoondolewa, na mfumo ukikataa masasisho au kurasa salama utadhani mtandao umeharibika. Tazama tarehe kwa amri ya timedatectl kabla ya kuandika ripoti yoyote inayohusu mtandao.

Imegoma: kulivunja neno moja

Katika mazungumzo yetu tunatosheka na neno moja. Kompyuta imegoma, tunasema, na msikilizaji akatikisa kichwa. Mpimaji hana budi kuliacha neno hilo mlangoni, kwa sababu ndani yake mna angalau mambo matano tofauti, na kila moja linampeleka msanidi, yaani mwandishi wa programu, mahali pengine kabisa. Nahodha akimwambia fundi wa Matondoni, kijiji chetu cha waunda majahazi, kwamba chombo kinavuja, fundi hachukui pamba na mafuta akaanza kukalafati ovyo. Atauliza ni karibu na tezi au karibu na omo, upande wa joshini au wa demani, chombo kikiwa kimetia nanga au kikiwa na tanga, na maji yalijaa ngamani kwa muda gani. Majibu ndiyo yanayomwonyesha ubao.

Basi kompyuta ikisimama, usiizime mara moja. Sogeza kipanya: mshale unatembea? Tazama saa ya kwenye skrini: dakika inabadilika? Bonyeza kitufe cha herufi kubwa (Caps Lock): taa yake inawaka na kuzimika? Ikiwa mshale unatembea na saa inakwenda lakini programu moja haiitiki, ni programu hiyo iliyoganda na mfumo ni mzima. Ikiwa skrini nzima imesimama, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukipata skrini nyeusi ya maandishi inayokuomba jina la kuingilia, mazingira ya picha ndiyo yaliyokwama na kerneli bado inafanya kazi, na kutoka hapo unaweza kuzihifadhi kumbukumbu za mfumo, yaani maandishi ambamo mfumo hurekodi matukio yake, kabla hazijapotea. Ikiwa hata taa ya kitufe haiitiki, huenda kerneli yenyewe imesimama. Programu kujifunga yenyewe na kutoweka ni jambo jingine. Kompyuta kujizima ni jingine. Na kujizima kisha ikajiwasha upya ni jingine tena, ambalo kwa laptopu yenye vumbi na betri iliyochoka linaweza kuwa ni joto au umeme, wala si programu.

Andika saa ya tukio wakati ule ule katika daftari la karatasi. Kumbukumbu za mfumo zimepangwa kwa saa, na ukiendesha amri ya journalctl -b utaona maelfu ya mistari. Anayejua kwamba tukio lilikuwa dakika ya 12 baada ya saa fulani atasoma mistari ishirini, na asiyejua atakata tamaa. Ikiwa ilibidi uwashe kompyuta upya, journalctl -b -1 itakupa kumbukumbu za mwasho uliotangulia, mradi mfumo umesakinishwa kwenye diski. Ukiwa unauendesha kutoka kwenye flashi, kwa kawaida kumbukumbu hizo hupotea mashine ikizimwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia kitufe cha kuzimia.

Baada ya hapo rudia. Tukio likitokea mara moja, andika kwamba limetokea mara moja. Likitokea mara tatu katika majaribio matano, andika tatu katika matano. Ukiweza, jaribu toleo lililotangulia kwenye mashine ile ile, kwa sababu jambo lililokuwa likifanya kazi zamani na sasa limeharibika hupewa uzito mkubwa, na tena humsaidia msanidi kujua mabadiliko ya kuyachunguza ni yale yaliyoingia kati ya toleo na toleo.

Kuandika ripoti

Kabla ya kuandika, tafuta kama mwingine amekwisha kuiripoti hitilafu hiyo. Ukiikuta, ongeza kwamba nawe umepatwa, ukitaja modeli ya mashine yako na lolote jipya ulilonalo, na usifungue nyingine. Katika Ubuntu, anza ripoti kwa amri ya ubuntu-bug ikifuatwa na jina la kifurushi, yaani fungu la programu inayohusika, kwa kuwa yenyewe hukusanya habari za mashine na kuziambatisha; katika Debian ipo reportbug. Ripoti moja ibebe hitilafu moja. Ukikuta tatu, andika tatu.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na hili huwatisha wengi bila sababu. Sentensi fupi zinatosha. Nimeona ripoti zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kuchechemea zikashughulikiwa siku ile ile kwa sababu hatua zake zilikuwa kamili, na nimeona nyingine zenye Kiingereza safi zikifungwa kwa kuwa zilieleza hasira ya mwandishi kuliko alichokifanya. Njia ninayoitumia mimi ni kuiandika kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu mtu hufikiri kwa usahihi zaidi katika lugha yake, kisha naifasiri sentensi moja moja. Chukua mfano huu wa kubuni:

"Kisakinishi kinajifunga baada ya kuchagua eneo la saa la Nairobi, kompyuta ikiwa haina mtandao. Nimetumia nakala ya kila siku ya tarehe 2 Oktoba. Hesabu ya SHA256 imelingana. Mashine ni laptopu yenye memori ya gigabaiti 4, na modeli yake kamili iko katika kiambatisho. Nimewasha kutoka kwenye flashi, nikachagua Kiingereza, nikachagua kibodi ya Kiswahili cha Kenya, nikakataa kuunganisha Wi-Fi, nikabofya Nairobi kwenye ramani, nikaendelea. Nilitarajia kuona hatua ya kugawanya diski. Badala yake dirisha limetoweka na nimebaki na skrini tupu ya mazingira ya picha. Nimerudia mara nne, imetokea mara nne. Nikiunganisha Wi-Fi kabla ya hatua hiyo, haitokei. Katika toleo lililotangulia, kwenye mashine hii hii, haitokei."

Hakuna neno la kitaalamu humo ambalo mtu wa siku ya kwanza hawezi kulijua. Kichwa kinataja kinachotokea na hali kinamotokea. Sentensi mbili za mwisho, ya Wi-Fi na ya toleo lililotangulia, ndizo zenye thamani kuliko zote, maana zimekwisha kumpunguzia msanidi nusu ya msako, na zimemgharimu mwandishi muda wa kupika chai. Usiandike unachodhani kuwa ndicho chanzo, au ukikiandika, kiweke peke yake mwishoni na ukiite dhana.

Soma kumbukumbu kabla ya kuziambatisha. Huweza kuwa na jina lako la mtumiaji, jina la Wi-Fi ya nyumbani, na nambari za utambulisho za vifaa vyako, na ripoti nyingi huwa wazi kwa ulimwengu mzima. Hufai kubadilisha mistari yenyewe ya kosa, lakini jina la mtandao wa jirani hakuna anayelihitaji.

Saa za UTC na kazi ya baada ya ripoti

Vikao na makataa ya miradi hii hutangazwa kwa UTC, na sisi tuna njia rahisi ya kuyasoma. Saa yetu iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima bila kubadilishwa, na hesabu yetu ya saa za Kiswahili iko 6 nyuma ya ile ya kimataifa. Kwa hiyo toa 3 kutoka saa ya UTC na utapata saa ya Kiswahili papo hapo. Kikao cha 14:00 UTC ni saa 11 jioni. Cha 17:00 UTC, ukitoa 3 unabaki na 14, nayo ni saa 2 usiku. Siku mbili tatu za mwisho kabla ya toleo, nakala mpya huweza kutoka zaidi ya mara moja, na kila moja hufuta matokeo ya iliyotangulia. Kama bando lako ni dogo, jiwekee akiba kwa ajili ya siku hizo.

Ukishatuma ripoti, ifuatilie. Mara nyingi msanidi huuliza swali moja, na lisipojibiwa kwa muda mrefu ripoti hufungwa, hata kama hitilafu ni ya kweli. Jibu hata kama jibu lako ni kwamba mashine haiko nawe kwa sasa. Marekebisho yakipatikana, utaombwa uyajaribu kabla hayajatolewa kwa watu wote: Ubuntu huyaweka kwanza katika hazina (ghala la programu) iitwayo proposed, na Fedora katika updates-testing, ambako wapimaji huyapa alama ya kuyakubali au kuyakataa. Hatua hii haipendwi sana na wageni, kwa kuwa msisimko wa kugundua umekwisha kupita, lakini wewe mwenye mashine ile ndiye unayeweza kuthibitisha kwamba hitilafu imeondoka. Yafuate maelekezo, rudia hatua zile zile ulizoziandika katika ripoti yako ya kwanza, kwa idadi ile ile ya mara, kisha uandike matokeo pamoja na nambari kamili ya kifurushi ulichokijaribu.

Katika daftari langu kila ripoti ina mstari wake: tarehe, nambari, mashine, na hali yake ilipofikia. Siku toleo linapotoka huipitia orodha hiyo yote kwa nakala ya mwisho, niliyoihakiki kama zile nyingine, na zile hitilafu ambazo bado zipo huziongezea maneno kwamba zimeonekana pia katika toleo lenyewe. Kisha nakala hiyo huiweka katika flashi na kuwapelekea jirani zangu waliokuwa wakiisubiri, nikiwaambia bayana ni mashine zipi nimeijaribu na ni zipi bado.